Barabara ya Kilwa iliwahi, mabasi yakachelewa: kisa cha mwendokasi kufika Mbagala

Mwaka 2019 kampuni ya Sinohydro ilianza kazi ya kujenga njia ya mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka kwenye njia yao wenyewe, awamu ya pili kwenye Barabara ya Kilwa jijini Dar es Salaam. Oktoba 2025 ndipo abiria wa Mbagala walipoanza kuyapanda mabasi yenyewe. Katikati hapo kuna kipindi kirefu ambacho zege la njia za katikati lilikuwa limekauka, vituo vimeezekwa, karakana ya Mbagala imesimama, na bado watu wa Zakhem, Kizuiani, Misheni na Rangi Tatu walikuwa wanagombania daladala za Eicher na Coaster kwenye njia za pembeni, huku njia tupu iko mbele ya macho yao. Kipindi hicho ndicho ninachotaka kukichambua, maana njia ya Gongo la Mboto kupitia Barabara ya Nyerere na ile ya Tegeta kupitia Barabara ya Bagamoyo zinafuata nyuma yake, na kilichowapata watu wa Mbagala kinaweza kuwapata wa huko pia.

Dai langu ni hili: Dar es Salaam imezoea kupima kukua kwa usafiri wake kwa kilomita zilizojengwa, wakati abiria anaupima kwa dakika anazosimama kituoni. Kilomita zinaweza kuongezeka mwaka hadi mwaka na dakika zisipungue hata moja.

Mbagala yenyewe si sehemu ndogo ya kusubirishwa. Kwa sensa ya 2022, mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728, na wilaya ya Temeke peke yake 1,346,674, yaani robo ya mkoa mzima. Sehemu kubwa ya watu hao wanaegemea barabara moja. Ukitoka Gerezani unapita Bendera Tatu, Uhasibu, Sabasaba, Mtoni kwa Aziz Ali, Mtongani, kisha Mbagala yote hadi Rangi Tatu. Baada ya hapo mji hauishi. Unaendelea Charambe, Chamazi, Mbande, Kongowe, halafu unavuka mpaka wa mkoa kimyakimya na kuingia Vikindu, ambayo kwenye makaratasi ni wilaya ya Mkuranga, mkoa wa Pwani, lakini kwa mwendo wa watu wake asubuhi ni Dar es Salaam kabisa. Watu wamejenga huko kwa sababu viwanja vilikuwa vinapatikana kwa bei ambayo fundi, mwalimu na muuza genge wanaweza kuilipa kidogo kidogo. Kazi zao zimebaki Kariakoo, Posta na bandarini. Umbali huo kati ya kitanda na kazi ndio unaolipiwa nauli kila siku.

Kwa miongo mingi nauli hiyo imekuwa ya daladala, na hapa inabidi kueleza hesabu ya tajiri, maana ndiyo inayoendesha kila kitu. Mwenye gari anampa dereva na konda gari asubuhi, na jioni anataka kiasi walichokubaliana. Mafuta ni juu yao. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho chao, na wengi hawana mkataba wa ajira. Wapo pia deiwaka wanaoshika usukani kwa saa chache ili wenzao wapumzike na wao wapate chochote. Mpango huu una matokeo ambayo kila abiria wa Mbagala anayajua hata kama hajawahi kuyaunganisha. Saa nne asubuhi gari halitoki mpaka lijae. Saa kumi na mbili jioni gari lililoandikwa Rangi Tatu linaishia Mtoni na kugeuza, kwa kuwa foleni ya mbele inakula muda ambao konda angeweza kupiga tripu nyingine. Mwanafunzi anayelipa nauli ya nusu au chini yake anasukumwa mlangoni. Na mtu mzima anayetaka kiti jioni anapanda gari linalokwenda mjini, analipa, anageuza nalo, analipa tena.

Sioni haki kumtwisha konda lawama hizi. Yeye anafanya kile ambacho mpango wa malipo unamlazimisha kufanya. Ukimlipa mtu kwa vichwa alivyobeba atatafuta vichwa; ukimlipa kwa kilomita alizoendesha kwa ratiba, ataendesha kwa ratiba hata gari likiwa na watu sita. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo mwendokasi ilikuja kulibadilisha, na kwa bahati mbaya ndilo linalozungumzwa kidogo kuliko mapambo ya vituo.

Wazo la mabasi yenye njia yake liliingia jijini mwanzoni mwa miaka ya 2000, likiangalia zaidi mfano wa Bogotá nchini Colombia. Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, DART, uliundwa 2007. Ujenzi wa awamu ya kwanza, kilomita 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ulifadhiliwa na Benki ya Dunia, ukaanza 2012 chini ya kampuni ya Strabag, na mabasi yakaanza kutoa huduma Mei 2016. Nauli ya njia kuu ilikuwa shilingi 650. Safari ya Kimara kwenda Posta, ambayo kwenye foleni ya Ubungo, Manzese na Magomeni ilikuwa inaweza kula saa mbili, ikashuka hadi chini ya saa moja. Hayo yalikuwa mafanikio ya kweli, na tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ambayo jiji lilipewa kwa mwaka 2018, la kwanza Afrika, lilistahili kuipata.

Lakini ndani ya mafanikio hayo kulikuwa na pengo tangu siku ya kwanza. Mpango kamili wa awamu hiyo ulihitaji mabasi 305. Yaliyoanza yalikuwa 140, chini ya mkataba wa mpito ambao kampuni ya kuendesha mabasi, UDA-RT, ilisaini na DART Aprili 2015. Mkataba wa mpito, kwa jina lake, ulikusudiwa kufungua mlango wakati zabuni ya mwendeshaji wa kudumu inaandaliwa. Mpito huo ukaendelea mwaka baada ya mwaka. Mabasi 70 ya nyongeza yalipofika bandarini yakakaa humo muda mrefu kwa mvutano wa kodi. Yale 140 yakaendelea kubeba mzigo ambao haukuwa wao peke yao, yakachakaa, vipuri vikawa shida, na karakana yake ikiwa Jangwani, kwenye bonde la mto Msimbazi, kila mvua kubwa ilikuwa tishio. Maji yaliingia karakana, mabasi yakaharibika, na huduma ikasitishwa mara kwa mara kwa sababu barabara yenyewe ya Jangwani inazama. Sasa daraja jipya linajengwa hapo chini ya mradi wa bonde la Msimbazi. Kwamba karakana ya kutegemewa na jiji zima iliwekwa mahali ambapo kila mzaliwa wa Magomeni anajua maji hupita, ni uamuzi ambao bado unaniuma.

Nataka kuonyesha kwa hesabu ndogo kwa nini upungufu wa mabasi unaumiza kuliko unavyosikika. Tuchukue mfano wa njia ambayo basi linahitaji dakika 90 kwenda, kurudi na kugeuza. Basi refu la mita 18 linabeba watu kama 150. Ukitaka basi kila baada ya dakika 2, unahitaji mabasi 45 barabarani, na kwa saa moja utapitisha mabasi 30, yaani watu 4,500 kwa upande mmoja. Sasa mabasi 15 yaende karakana na yasirudi. Yaliyobaki 30 yanakuja kila baada ya dakika 3. Dakika moja tu imeongezeka, na mtu anayesoma taarifa ofisini ataona ni jambo dogo. Lakini uwezo umeshuka hadi watu 3,000 kwa saa. Watu 1,500 wamebaki kituoni, na saa inayofuata wanaongezeka wengine 1,500 juu yao. Kufikia saa mbili asubuhi, kituo cha mwisho kina umati ambao hata basi likija tupu haliwezi kuumaliza, watu wanaingilia madirishani, milango haifungi, na kila kituo cha katikati basi linapita limejaa bila kusimama. Anayeteseka zaidi ni yule wa katikati, wa Kona au Manzese, ambaye hawezi kugeuza.

Kwa hiyo theluthi ya mabasi ikipotea, huduma haipungui kwa theluthi machoni pa abiria. Inavunjika. Abiria wa Kimara walilijua hili kwa miili yao kwa miaka, wakati ramani ya mtandao iliendelea kuonyesha kilomita 20.9 zilezile.

Turudi Barabara ya Kilwa. Awamu ya pili, kilomita 20.3, ilipata fedha kutoka Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kazi ya ujenzi ilikuwa na ratiba, mkandarasi, mhandisi msimamizi na malipo yanayotolewa kadiri kipande kinavyokamilika. Mambo hayo yana utaratibu uliokomaa nchini. Tunajua kujenga barabara. Upande wa mabasi haukuwa na utaratibu wa namna hiyo. DART hainunui mabasi ili yaendeshe yenyewe. Inatafuta kampuni ilete mabasi, iajiri madereva, ijaze mafuta au gesi, ifanye matengenezo, kisha irudishe fedha yake kwa miaka mingi kutokana na nauli. Mtu anayetaka kukopa fedha za kununua mabasi mia na zaidi ataulizwa maswali na benki. Nauli inapangwa na nani? Na LATRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, si yeye. Serikali ikikataa kupandisha nauli wakati mafuta yamepanda, nani anafidia? Daladala zitaondolewa kwenye njia hiyo au zitabaki zikichuma abiria pembeni? Barabara ikifungwa kwa mafuriko au msafara, siku hiyo inalipwa na nani? Fedha ya nauli inakusanywa na nani, na inamfikia mwendeshaji baada ya siku ngapi?

Maswali haya yote yangeweza kujibiwa wakati mashine zilikuwa bado zinasawazisha udongo pale Mtoni. Yaliachwa mpaka zege lilipokamilika. Hapo ndipo ninapoona kosa la kisa hiki, na silitupi kwa mtu mmoja: ni namna tulivyopanga kazi, kwamba mkataba wa barabara unatangulia na mkataba wa mabasi unafuata, kana kwamba mabasi ni fanicha ya kuletwa nyumba ikishaisha.

Mwaka 2025 kampuni binafsi ya Kitanzania, Mofat, ndiyo iliyoleta mabasi ya Mbagala, yanayotumia gesi asilia. Kwa nchi ambayo gesi ya Songo Songo imekuwa ikifika Dar es Salaam kwa bomba tangu 2004, kuendesha mabasi ya jiji kwa gesi hiyo ni jambo la akili na la fahari. Linakuja na sharti lake, maana foleni za kujaza gesi kwenye vituo vichache vya jiji zinajulikana na kila dereva wa bajaji. Basi la abiria 150 haliwezi kupangwa kwenye foleni hiyo, lazima karakana iwe na gesi yake usiku kucha ili alfajiri mabasi yatoke yote kwa pamoja.

Kabla Mbagala haijaanza vizuri, mzigo wa Kimara ukavuta. Mwanzoni mwa Oktoba 2025, hasira za abiria wa Kimara zilipofika juu, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliagiza sehemu ya mabasi hayo ya Mofat yapelekwe njia ya Kimara. Wapo walioona kuwa Mbagala imenyang'anywa. Nawaelewa, lakini naona jambo jingine pia: ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mabasi kutazamwa kama kitu cha kupelekwa pale watu walipo, badala ya kuwa mali ya kipande fulani cha zege. Mwendeshaji wa pili kuingia njia ya wa kwanza kunampa abiria kipimo cha kulinganisha. Tatizo ni kwamba ilifanyika kwa amri ya dharura. Ingepaswa kuwa kifungu cha kawaida cha mkataba: mwendeshaji akishindwa kuweka barabarani idadi aliyoahidi kwa siku kadhaa, mwingine anaingia, na malipo yanamfuata.

Jiji hili lina mfano wake lenyewe wa kuanza na huduma kwanza. Oktoba 2012, Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi, treni za abiria za mjini zilianza kwenye reli zilizokuwepo tayari: moja kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa, nyingine ya TAZARA hadi Mwakanga. Watu waliziita treni ya Mwakyembe na jina likakaa. Hazikuhitaji njia mpya. Yalikarabatiwa mabehewa na vichwa vilivyopo, vikapangiwa asubuhi na jioni, na watu wa Yombo na Vingunguti wakapata safari isiyojua foleni. Zilikuwa chache, mchana hazikuwepo, na mtu aliyeikosa ya asubuhi alirudi kwenye daladala. Hata hivyo zilithibitisha kwamba abiria wa Dar es Salaam anahamia haraka kwenye kitu chochote kinachokuja kwa saa inayojulikana.

Na tunao mfano wa upande mwingine, wa huduma kufa kwa kukosa mabasi wakati barabara zipo. UDA, shirika la mabasi ya jiji, iliundwa 1974 baada ya kampuni ya mabasi ya DMT kutaifishwa 1970 na baadaye kugawanywa, UDA ikachukua jiji na KAMATA ikachukua mikoa. Mji ulikua, fedha za kigeni za kununua vipuri zikaadimika, mabasi yakalala karakana moja baada ya jingine, na nauli zilizopangwa na serikali hazikutosha kuyaamsha. Kufikia 1983 serikali ikaruhusu watu binafsi waingie, na ndipo daladala zikapata uhalali. Anayesoma habari za mabasi mabovu ya Kimara na kufikiri ni balaa jipya, atakuwa amesahau kwamba jiji hili limeshawahi kupita njia hii, na ugonjwa ulikuwa uleule: mabasi yanazeeka kila siku, na fedha ya kuyabadilisha haikutengwa siku yalipokuwa mapya.

Sehemu inayonigusa zaidi katika kisa cha Mbagala ipo baada ya Rangi Tatu. Mchukue mfanyakazi wa dukani Kariakoo anayeishi ndani ya Vikindu. Anatoka nyumbani gizani kwa bodaboda hadi lami, anapanda daladala hadi Rangi Tatu, anashuka, anakata tiketi ya mwendokasi hadi Gerezani. Nauli tatu asubuhi, tatu jioni. Zamani, kwa taabu yake yote, ilikuwapo daladala ya kumvusha moja kwa moja. Mwendokasi ikimpunguzia saa nzima kati ya Rangi Tatu na Gerezani lakini daladala ya Vikindu ikamsubirisha dakika arobaini mpaka ijae, faida imeliwa. Na yule mama anayeleta mihogo, nazi au mananasi kutoka Mkuranga hadi sokoni, basi la mwendokasi halikuundwa kwa ajili ya viroba vyake. Akiondolewa daladala ya moja kwa moja bila kuwekewa kitu kingine, atakodi Kirikuu, gari dogo la mizigo, na bei ya nanasi itapanda kwa mlaji wa Temeke.

Ndiyo maana mabasi ya mlisho, yale yanayoleta abiria kutoka mitaani hadi njia kuu, ni nusu ya mradi wenyewe. Wenye daladala walioondolewa Barabara ya Kilwa wana magari, madereva na ujuzi wa vichochoro vya Chamazi na Mbande kuliko mtaalamu yeyote. Waingizwe kwa mkataba wa kulipwa kwa kilomita: gari litoke Mbande kila baada ya dakika kumi, likiwa limejaa au halijajaa, nauli ikusanywe kwa kadi ileile ya mwendokasi ili abiria alipe safari moja. Hapo hesabu ya tajiri inabadilika kuwa mshahara, konda hana sababu ya kumsukuma mwanafunzi, na gari halina sababu ya kukatisha ruti. Barabara za ndani ziwe na mpango huohuo na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, maana mlisho unaokwama kwenye tope la masika kule Chamazi hauwezi kutunza ratiba hata ukilipwa vipi.

Kingine kinachowezekana kesho bila mkopo wowote: DART iweke hadharani, kila asubuhi, idadi ya mabasi yaliyotoka karakana kufikia saa kumi na mbili, njia kwa njia, pamoja na wastani wa dakika kati ya basi na basi kwa saa za msongamano. Namba mbili tu, zibandikwe kituoni na zitumwe kwenye simu. Abiria wa Mtongani ataona kama leo yametoka pungufu ya yaliyoahidiwa na mkataba, mwandishi wa habari ataona, mbunge wa Mbagala ataona, na mwendeshaji anayefanya kazi yake vizuri atakuwa na ushahidi wa kumtetea.

Kwa Gongo la Mboto saa imeshaanza kuhesabu. Zege litaishia pale kituo cha mwisho, lakini watu wanaendelea Pugu, Majohe na Chanika, kwenye kata za Ilala ambazo zimejaa wajenzi wapya kama zilivyojaa zile za kusini. Pugu tayari ina stesheni ya treni ya SGR, reli mpya ya kisasa, iliyoanza safari za Morogoro 2024, na hakuna sababu mtu ashuke kwenye treni ya umeme kisha asimame juani kutafuta gari la Chanika. Mkataba wa mwendeshaji wa njia hiyo, idadi ya mabasi, karakana yake na mlisho wa Chanika vinapaswa kusainiwa na kutangazwa kabla kituo cha kwanza hakijazinduliwa, na wenye daladala wa Chanika waitwe mezani sasa, wakati bado wana magari yanayotembea.